Siku Waliyomposa Kudra

"Tulia basi, utaharibu hina," shangazi Yasmina alikemea, akimshika Kudra kifundo cha mkono. "Mutu mukubwa kama we, unatetemeka kama mutoto."

"Sitetemeki, shangazi."

"Apana. Ni nyumba njo inatetemeka."

Wakaziba midomo wote wawili wasisikike wakicheka. Pazia tu ndilo lililowatenga na sebule, na sebuleni wazee walikuwa wamekwisha kukaa. Nyumba nzima ilinukia pilau. Nje, watoto wa jirani walikuwa wamejipanga ukutani kuhesabu wageni wanaoshuka magarini, maana mtaa wa Buyenzi haujawahi kuficha posa ya mtu.

Kudra alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Wasichana aliosoma nao Kurani sasa walikuwa na watoto waliowazidi kimo. Yeye alikuwa na sauti. Mji mzima wa Bujumbura uliijua sauti hiyo. Kila wiki aliingia redioni kuwasemea wajane wanaofukuzwa na ndugu wa mume, na mabinti wasiopewa hata chumba kimoja katika nyumba walimozaliwa. Wanaume wengine walizima redio akianza kusema, na wake zao waliiwasha tena wakisikia geti limefungwa.

Mwaka huo wa 2005 vita vilikuwa vimechoka, ingawa milimani bunduki zilisikika bado. Kura za bunge zilikuwa karibu, na wanawake waliambiwa safari hii watapewa viti vyao. Chama kimoja kikamfuata Kudra agombee. Akakubali. Kuanzia siku hiyo alikuwa hakai nyumbani. Leo Buterere, matope mpaka magotini, kesho Ngagara kwenye nyua za wafanyakazi wa serikali, keshokutwa sokoni. Kisha, jioni moja ya masika, mtu asiyejulikana akarusha bomu la mkono juu ya ukuta wao. Jiko likaanguka. Kwa bahati hakukuwa na mtu ndani.

Na katikati ya hayo yote, Moubarak alikuwa amerudi.

Kudra alisogelea pazia, akapachungulia mahali ambapo kitambaa hakikukutana na ukuta. Aliona bega la Moubarak ndani ya kanzu nyeupe, sikio, na shavu lililonyolewa vizuri asubuhi hiyo. Walipendana kabla ya vita, yeye akiwa msichana wa shule na Moubarak akijifunza kazi katika gereji ya baba yake Kudra. Mitaa ilipoanza kuhamwa, kila mmoja akikimbilia kwa watu wake, Moubarak alivuka na jamaa zake mpaka Kigoma. Miaka ikapita bila salamu. Mwaka jana ndipo alipotokea mlangoni, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, akamwambia maneno ambayo Kudra aliyarudia kichwani kila alipokuwa amechoka.

"Nilikuwa nauza betri sokoni. Mteja akaniambia washa redio tuone kama inashika. Nikawasha. Ulikuwa we. Niliisikia ile sauti nikakaa chini, Kudra. Nikamwambia yule mutu betri achukue bure."

Na wiki mbili zilizopita, katika duka lake la vipuri, kati ya mipira na mikanda ya injini, alikuwa amemwahidi: "Sitakuomba unyamaze. Mi nilirudi juu ya hiyo sauti."

Ndiyo maana leo alitetemeka. Kwa furaha.

Lakini mbona Moubarak hainui macho? Wazee walikuwa wakitaniana, yeye akitazama mkeka tu.

Mzee Sulemani, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Moubarak, ndiye aliyemlea na ndiye aliyekuja kumposea. Alikohoa kidogo, kelele zikatulia.

"Tumekuja kuomba mke," alisema. "Kwa upande wa mahari hatuna neno, tutaelewana. Ila tuna sharti moja, na si la ubaya. Binti aache redio. Aache na hicho kiti cha bunge. Aingie kwetu kama mke, akae nyumbani kwake kwa salama. Basi."

Kudra alimtazama shangazi yake. Shangazi akayageuza macho.

Akangoja baba aseme. Mzee Hamissi alikuwa fundi wa magari mpaka macho yalipomchoka. Huko gereji alikuwa na desturi ya kuongeza sauti ya redio binti yake akianza kusema, halafu anajifanya anatafuta bisibisi karibu na hapo. Hakika yeye angejibu.

"Mi sina ubishi, mwenzangu," Mzee Hamissi alisema polepole. "Nilikuwa na watoto wawili. Shakuru walinirudishia viatu tu. Huyu mumoja amebaki nataka azeeke."

"Na wewe kijana?" Mzee Sulemani aliuliza. "Maana anayeoa ni wewe."

Kudra alibana pazia kwa vidole. Sema, alimwomba moyoni. Sema ulivyoniambia dukani.

"Nimekubali, baba mukubwa," Moubarak akasema.

Shangazi Yasmina alitaka kumshika nguo, lakini alishika hewa. Kudra alikuwa amekwisha kupita. Akasimama mbele ya wanaume na hina yake mikononi na kitambaa cha dhahabu kichwani, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi.

"Baba, nisamehe. Wazee wangu, nisameheni," alisema. "Moubarak, rudia. Sijasikia vizuri."

Moubarak alisimama. Akamtazama baba yake mkubwa.

"Binti," Mzee Sulemani alisema bila hasira, "hapa si réunion, mkutano wa siasa."

Mmoja wa wazee alicheka, akajificha ndani ya kikombe chake. Kudra alihisi uso ukiwaka moto. Kusema ndiyo kazi aliyoizoea, lakini siku hiyo, mbele ya baba yake anayetazama chini, neno halikuja.

"Waacheni waende uani wazungumze," Mzee Hamissi akasema. "Yasmina awe karibu."

*

Uani, jiko jipya lilikuwa limejengwa kwa matofali ambayo hayajapigwa lipu. Wakasimama kando yake. Shangazi alikaa mbali kidogo, akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Dukani uliniambia nini?"

"Najua nilichokuambia."

"Basi kwa nini?"

Moubarak alipitisha kiganja usoni. Karibu hivi Kudra aliona kwamba hakuwa amelala. Macho yalikuwa mekundu, na chini ya macho ngozi ilikuwa imelegea kama ya mzee.

"Walikuja dukani," alisema. "Watu wawili. Walivaa vizuri, walisalimia vizuri. Mumoja akachagua plagi, akaniuliza bei. Kisha akaniambia, tumesikia unaoa. Tunakupa hongera. Ukuta wa jiko ulikuwa salamu tu. Bibi yako akienda mbele, tutapita dirishani. Akanitajia dirisha lako, Kudra. Lenye pazia la kijani."

"Kina nani hao?"

"Ningejua ungeniona hapa?"

"Na hukuniambia."

"Ungefanya nini? Ungelisema redioni."

Ilikuwa kweli, na wote wawili walijua. Kudra alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Aliwaza wanawake wa Buterere waliomshonea kitenge cha kampeni bila kumwambia, wakakileta wakiimba. Aliwaza pia dirisha lake.

"Mimi siogopi kufa sana," alisema taratibu. "Naogopa baba ataokota nini."

Moubarak akachuchumaa mbele yake. Hakumgusa, shangazi alikuwa anaona. Lakini uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba Kudra alisikia pumzi yake, na tamaa ya kumwekea kichwa begani ilimshika ghafla, nzito, akauma mdomo.

"Nilikukosa miaka kumi," Moubarak alinong'ona. "Mungu amenirudishia. Siwezi kukuzika, Kudra. Kila kitu nitaweza, hicho apana."

"Nipe mpaka kesho. Nifikiri."

"Kesho," alisema, akageuza uso ukutani. Kudra alidhani ni machozi.

Hapo ndipo geti liliposukumwa.

Aliyeingia alikuwa Candide, mjane wa mtaa wa Mutakura, godoro kichwani na mtoto mchanga mgongoni. Nyuma yake wasichana wawili, mkubwa amebeba sufuria, mdogo ameshika ncha ya kitenge cha mama. Walikuwa wametembea mji mzima juani.

"Dada Kudra, nyabuna, nakuomba," Candide alisema. "Wametutoa."

Kudra aliinuka akampokea godoro. Kisa cha Candide alikijua. Mume wake aliuawa barabarani, basi lilipovamiwa. Nyumba yao ilikuwa imechomwa wakati wa vita, na Candide mwenyewe alifyatua matofali, akaijenga upya akiwa mjamzito. Lakini alizaa wasichana watupu, na Astère, mdogo wa marehemu, alisema nyumba ya kaka haiwezi kwenda kwa watu watakaoolewa mbali. Mwezi uliopita Kudra alikwenda kwa shefu wa mtaa, na shefu akatoa neno lake kwamba Candide asiguswe.

"Si shefu alikubali?"

"Alikubali. Leo wamekuja wote wawili. Astère ameleta kufuli, shefu amesimama pale anatazama. Nilimwambia Astère nitamuita dada Kudra, akacheka." Candide alifuta jasho. Ndipo akaiona hina, kitambaa cha dhahabu, viatu vya wageni mlangoni. "Yoo! Mungu wangu. Nimekuja siku mbaya."

"Siku ni nzuri. Twende."

"Leo apana," Moubarak alisema haraka. "Kudra, nisikilize. Kesho mi mwenyewe nitakupeleka."

"Kesho Astère atakuwa amelala ndani na bibi yake. Unajua hivyo."

"Wazee wako ndani wanangoja."

"Wamekwisha kukubaliana. Wananingojea nini mimi?"

Alimwona Moubarak akibadilika rangi. Akadhani ni hofu ya baba yake mkubwa, akamhurumia.

"Kama hutaki, nitapanda taxi."

Moubarak alitoa ufunguo mfukoni, akautazama muda, kisha akaenda kuwasha gari.

*

Njiani Candide na wanawe walikaa nyuma, godoro likiwa limefungwa juu. Mtoto alilala. Kudra alikaa mbele. Alimtazama Moubarak kwa pembe ya jicho, mkono wake juu ya gia, mshipa uliotuna nyuma ya kiganja, ule ule aliokuwa akiutazama gereji akiwa na miaka kumi na tisa, akijidai ameleta chakula cha baba.

"Unaogopa?" alimuuliza.

"Sana."

"Mi pia."

Akaweka mkono wake wa hina juu ya mkono ule, kwa kificho, chini ya usawa wa kioo. Moubarak alivuta pumzi kama mtu aliyeungua.

"Nimefikiri," Kudra alisema. "Sihitaji kesho. Tumalize hii ya Candide, apate kulala kwake. Nikimaliza, nitakwenda mwenyewe kwa parti niwaambie mi najitoa. Nitapumzika mwaka mumoja, miwili. Nitakuwa bibi yako tu. Kwa ajili yako na baba." Macho yalimlengalenga, lakini alitabasamu. "Umesikia? Nakubali."

Gari liliyumba. Moubarak alifungua mdomo.

"Kudra..."

"Nini?"

Alitazama barabara. "Hakuna," alisema.

Mbele ya nyumba ya Candide watu walikuwa wamejaa. Astère alikaa kwenye ngazi ya mlango, kijana mpole wa sura, shati safi. Kufuli mpya ilining'inia nyuma yake. Shefu wa mtaa alikuwa ameegemea ukuta, na alipomwona Kudra akivuka barabara akiwa amevaa kitambaa cha dhahabu, alivua kofia.

"Shefu, hujambo? Mwezi jana tulizungumza."

"Tulizungumza, dada."

"Ulisema mama huyu haguswi."

"Nilisema."

"Sasa?"

Mzee alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya maneno yake kuwa mazito. "Mwezi jana ulikuja hapa kama mutu anayekwenda bunge. Nikamwambia Astère, ngoja kwanza, huyu mama kesho atakuwa mukubwa, atatuuliza. Leo umekuja kama nani?"

"Kama yule yule."

Shefu alimtazama, akamtazama Astère, akamrudia. Uso wake ukaingiwa na aibu. "We hujui?"

"Nijue nini?"

"Zénon wa parti yenu alipita hapa asubuhi. Alisema umejitoa. Kiti wamempa bibi yake mwenyewe Zénon."

Kudra alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyesikia jina lake likiitwa kimakosa. "Nani alimwambia Zénon kwamba nimejitoa?"

"Amesema baba yako alikwenda kwake wiki hii. Baba yako na bwana wako."

Watu wote wakamtazama Moubarak. Alikuwa amesimama kando ya gari, mlango wazi, ufunguo mkononi. Kudra pia aligeuka. Hakumuuliza. Alimtazama tu, na Moubarak hakuweza kulihimili jicho lile, akainamisha kichwa kama alivyoinamisha sebuleni. Hapo kila kitu kilijipanga chenyewe. Macho mekundu. "Leo apana." Lile neno "hakuna" ndani ya gari.

Candide alimshika mkono. "Dada, wanasema nini?"

Kudra alizidi kumtazama Moubarak.

Astère aliinuka. Hakupiga kelele, hakutukana. Akasema kwa adabu, "Kaka, peleka bibi yako nyumbani. Leo ni siku yenu nzuri."

"Astère, ndugu yangu," Moubarak alisogea mbele, mikono ameikunjua. "Nakuomba. Waachie hata kidogo, mpaka mama huyu apate pa kukaa. Hawa watoto ni damu yako."

"Nimewakatalia damu? Wakija kula watakula. Lakini nyumba ni ya baba yetu na kaka yetu. Niambie sheria inayosema niwape."

Moubarak alimgeukia shefu. Shefu alirudisha kofia kichwani.

"Siku sheria itatoka, mi mwenyewe nitakuja kuvunja hiyo kufuli," alisema. "Lakini haijatoka. Na aliyekuwa anakwenda kuitafuta ndiye huyu."

Hapo Kudra alijaribu. Alisema yote aliyoyajua, matofali, ujauzito, jina la marehemu, ahadi. Sauti ilikuwa ile ile. Wanawake waliokuwa wamesimama kwenye nyua walitikisa vichwa wakikubali. Lakini wanaume walimsikiliza kwa uvumilivu, kama wanavyomsikiliza mtu aliyefiwa, wakingoja amalize.

Candide hakulia. Aliomba tu aingie kuchukua nguo za shule za watoto. Astère alifungua kufuli, akasimama mlangoni akimtazama anavyochukua, kisha akafunga tena.

*

Walipopata barabara ya lami, Kudra aliomba simu ya Moubarak. Akampigia Zénon. Sauti ya bwana yule ilikuwa ya furaha.

"Dada Kudra! Hongera sana! Tumesikia ya leo. Na pole pia, tulikuwa tunakutegemea."

"Zénon, mimi sikujitoa."

"Sasa... mzee wako mwenyewe alikuja. Alilia mbele yangu, dada. Ningefanya nini? Na tumekwisha peleka majina jana, orodha haifunguliwi tena. Labda mara nyingine, inshallah. Msalimie bwana arusi."

Akamrudishia Moubarak simu. Walikuwa wanaingia Ngagara.

"Simamisha gari."

Alisimamisha kando, karibu na bomba la maji ambapo wanawake walikuwa wakijaza madumu. Kudra alishuka, na Moubarak akashuka nyuma yake. Wakasimama nyuma ya gari, watoto wakiwatazama kupitia kioo.

"Ungeniambia lini?"

"Baada ya ndoa."

"Na kama ningekuwa sikugundua?"

"Ningenyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke," Moubarak alisema, na ilikuwa kweli tupu, ilitoka bila kupambwa. "Kila mara ungeniuliza, ningesema ni Zénon. Ningebeba mwenyewe."

Kudra alimtazama. Alikuwa akimtafuta mwongo usoni pale apate kumkasirikia. Alimwona mtu mwenye hofu tu, aliyechoka, anayempenda.

"Mule ndani ya gari nilikuambia ndiyo," alisema. "Kwa mdomo wangu. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Hakuna mutu aliyenilazimisha. Nilikuwa nakupa. Na we ulikuwa umekwisha kuninyang'anya."

Moubarak alifunika uso kwa mikono yote miwili. "Nichukie," alisema ndani ya viganja. "Afadhali unichukie ukiwa hai."

"Ningeweza kukuchukia ningepumzika."

Akanyoosha mkono, akamshika mkono wake mmoja akauondoa usoni. Wakabaki hivyo, vidole ndani ya vidole, kando ya barabara yenye watu, jambo ambalo wasingelifanya siku nyingine yoyote. Toka milimani mlio wa bunduki ukaja, mmoja, ukafuatwa na mwingine. Wanawake wa bombani waliinua vichwa, wakaona ni mbali, wakaendelea na madumu yao.

"Nitakwenda kwa baba mukubwa," Moubarak alisema. "Nitamwambia sharti limekufa. Uolewe unavyotaka. Useme redioni unavyotaka."

"Na wale wa dukani, utawaambia nini?"

Moubarak alitazama lami.

"Na Candide? Astère atamrudishia ufunguo?"

Aligeukia kioo cha gari, kwa wale watoto.

"Mi siwezi kuolewa nawe, Moubarak. Kila nikikuona umelala nitajiuliza, leo ameninyamazia nini." Machozi yalikuwa yakimshuka sasa, hakuyafuta. "Na siwezi kwenda mbali nawe. Nilijaribu miaka kumi, sikuweza. Sasa niambie niende wapi. Nyumba ninayorudi ni ya yule muliyekwenda naye kwa Zénon. Ataniwekea pilau mezani. Ataniuliza, mwanangu, umekula? Nami nitakula."

Ndani ya gari mtoto wa Candide aliamka akaanza kulia. Kudra aliachia vidole vya Moubarak, kimoja kimoja.

"Wapeleke hawa kwetu. Shangazi atawapa chumba changu."

"Na we?"

"Natembea."

"Kudra, jua linazama, kuna watu..."

"Natembea."

Akaanza. Viatu vyake vya sherehe vilikuwa na visigino, na kando ya barabara kokoto zilikuwa nyingi. Hakwenda haraka, hakuweza. Nyuma yake alisikia mlango ukifungwa na injini ikiwaka. Alingoja gari limpite. Halikumpita. Lilikuja taratibu nyuma yake, gia ya kwanza, kwa umbali wa hatua chache, taa zimewashwa kabla ya giza. Alipopunguza mwendo, likapunguza. Moubarak hakuthubutu kumpita wala hakuthubutu kumwacha.

Hivyo ndivyo walivyoshuka kutoka Ngagara, yeye mbele na mikono ya hina, gari nyuma na godoro juu.

Wanawake wa bombani ndio walioona kwanza. Mmoja alikiona kitambaa cha dhahabu, akaiona hina, akaliona gari linalokwenda polepole na godoro juu, akalidhani la maharusi, akaweka dumu chini, akapiga kigelegele. Wengine wakamwitikia. Sauti ikaruka kutoka ua hadi ua. Watoto wakatoka mbio. "Bibi harusi! Bibi harusi!" Mwanamke mzee alitoka mlangoni na ungo wake, akauliza ni nani anayeolewa. Mtu akamwambia ni yule wa redioni, yule anayetusemea. Bibi yule akatupa ungo akarukaruka kwa furaha, akipaza sauti kwa Kirundi kumwombea watoto wengi na mume mwema.

Kudra alisimama. Alitaka kuwaambia. Aliwatazama nyuso zao zilizojaa raha, raha ambayo wengi wao hawakuwa nayo tangu vita vilipoanza, na dirishani mwa gari binti mdogo wa Candide alikuwa amesahau kila kitu, akiwapungia mkono.

Akainamisha kichwa, kama wanavyofanya mabibi harusi, akaendelea kutembea.